Mlio wa Silinda ya Tatu

Bwenini, Musoma
29 Januari 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa basi lilisimama njiani karibu na Bunda na dereva akafungua boneti bila kujua anatafuta nini. Nilitamani kushuka nimwambie kwamba mkanda wa feni umelegea, maana ulikuwa unalia kila alipokanyaga mafuta. Nikakumbuka ulivyonionya: msichana mwenye sare ya shule akimfundisha dereva mbele ya abiria, basi hilo halitafika. Nikabaki kwenye kiti changu.

Kidato cha tatu ni kigumu kuliko cha pili. Mwalimu wa fizikia ameanza na mada ya sauti. Anasema sauti ni mtetemeko tu, na kwamba mtu anaweza kuupokea kwa mfupa hata kama masikio yamechoka. Nilikufikiria wewe. Jaribu hivi: uma mpini wa bisibisi kwa meno, ncha yake iguse injini, uone kama utapata kitu.

Je, ule mlio wa kichwani umepungua? Mganga wa zahanati alisema baada ya zile sindano sitini za kifua ungeweza kuondoka wenyewe. Ni miezi mitano sasa tangu sindano ya mwisho. Kifua kimepona, na kwa hilo namshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini Desemba, nilipokuwa nyuma yako karakana nikikuita mara nne na wewe hugeuki, niliogopa kuliko siku ile ulipotema damu.

Ahadi yangu iko pale pale. Sijamwambia mtu, hata Kaka Alexander. Ila na wewe uliniahidi, Baba: mpaka nirudi Juni kukusikilizia, hutapokea injini yenye kugonga. Plagi, breki na kabureta unaziweza kwa macho na mikono. Injini inayogonga, mwenye nayo aende kwa mwingine.

Binti yako,
Wilhelmina


Igogo, Mwanza
12 Februari 1995

Kwa binti yangu Wilhelmina,

Barua yako nimeisomea karakana, nikiwa nimekaa juu ya tairi. Hapa tunaendelea. Shangazi yako Bernadeta anakusalimu, ila mimi amenichukia, na sababu ni hii.

Zile sindano hazikuchukua masikio peke yake, zimechukua na miguu. Nikigeuka upesi naona ardhi inainuka. Jumapili nilipepesuka mlangoni mwa kanisa nikashika nguzo. Shangazi yako akanisogelea, akanusa mdomo wangu mbele ya waumini. Sasa Igogo nzima inasema Venant ameanza gongo. Sikubisha. Fundi mlevi watu wanampa kazi, wanangoja tu pombe imtoke. Fundi kiziwi nani atampa? Watu wanatoka Magu kuja kwangu niwasikilizie injini. Siku hizi kila kona kuna duka la spea na mtu mwenye spana mpya. Mimi nilichokuwa nacho ni sikio. Wakijua halipo, nafunga.

Sasa usikasirike. Nimepokea injini. Ni ile Datsun nyeupe ya mashindano, iliyokuwa ya yule mfanyabiashara aliyehamia Kanada. Unaikumbuka, ya kabureta mbili, ikiwashwa asubuhi mtaa unaamka. Ina miaka kumi na minane. Ameinunua Okech, huyu tajiri wa sangara ambaye kaka yako anamwendeshea lori. Anataka ikimbie mashindano ya Jumatatu ya Pasaka, Mwanza hadi Misungwi na kurudi. Okech atakaa kushoto asome ramani. Usukani atashika Alexander.

Unajua kaka yako amelitaka jambo hili tangu akiwa na miaka saba. Ningemwambiaje? Kwamba wampelekee fundi mwingine, baba yake hawezi? Nimesafisha kabureta zote mbili na kubadilisha plagi. Nimeweka kiganja juu ya injini, inapumua vizuri. Nimejaribu na bisibisi menoni kama ulivyosema, inatetemeka sawasawa. Hata tapeti zinazosukuma valvu hazilii.

Shika ahadi yako. Soma.

Baba yako,
Venant Kija


Buswelu
26 Februari 1995

Mina, mwalimu mkuu wangu,

Upo? Mimi nipo, nadunda. Usiponijibu barua hii nakuja na lori la sangara nalipaki mbele ya bweni, halafu harufu iwaambie wenzako wewe ni dada wa nani.

Habari umeshaipata. Datsun! Nimeipeleka mara tatu mpaka Usagara, alfajiri, barabara ikiwa tupu. Ikivuka mizunguko elfu nne kwa dakika haiendi tena, inaruka. Bosi Okech ameshika mlango kwa mikono miwili, anacheka huku anapiga kelele, "Taratibu, bwana, mwanangu Favour hata shule hajaanza!"

Ila kuna mlio. Injini ikiwa baridi hakuna kitu. Ikishapata moto, nikifika kama elfu tatu halafu niachie mafuta kidogo, huko chini kunagonga: ko, ko, ko, mzito, kama mtu anapiga mlango kwa ngumi. Nikikanyaga tena unapotea. Nimemwambia mzee mara tatu. Mara ya kwanza aliitikia kwa kichwa. Mara ya pili akasema, "Ndiyo, ndiyo, tapeti." Mara ya tatu akanijibu kwamba oili ameshabadilisha, na mimi oili sikuiuliza.

Nikufiche nini? Mzee anakunywa. Sijamwona na chupa, maana mimi nalala huku Buswelu na tunaonana karakana tu, injini zinanguruma. Lakini anayumba, ukimwita haitiki, na akisema anapaza sauti kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya ziwa. Nadhani ni upweke, tangu Mama atutoke. Bosi sijamwambia lolote, nisije nikamwaibisha mzee.

Wewe Desemba ulishinda naye karakana mwezi mzima. Mlio huu ni tapeti kweli? Sasa hivi nakuamini wewe kuliko ninavyomwamini yeye, na inaniuma kuandika hivyo.

Kaka yako dereva,
Alexander


Musoma
5 Machi 1995

Kaka Alexander,

Shikamoo. Hapana, hizo si tapeti. Tapeti ni mlio mwembamba wa haraka, kama cherehani, na unausikia zaidi injini ikiwa baridi. Wako ni mzito, uko chini, unakuja na joto na unatokea ukiachia mafuta. Huo ndio Baba alionifundisha kuuogopa kuliko yote. Ni beringi ya konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na shafti. Beringi ikiisha, mkono unaipiga shafti kila mzunguko, mpaka siku unapokatika.

Fanya kipimo hiki. Injini ipate moto. Mtu mmoja akae ndani akanyage mafuta na kushikilia pale mlio unapotokea. Wewe simama mbele ukiwa na kitambaa kikavu, usije ukapigwa na umeme. Chomoa waya wa plagi ya kwanza, sikiliza, rudisha. Kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Silinda ambayo ukiikatia moto mlio unafifia, beringi mbovu ni ya hapo. Kama mlio haubadiliki popote, basi mimi nimekosea.

Nakuomba sana usikilize wewe mwenyewe. Usimpe Baba kazi hii. Kifua chake bado hakijapata nguvu na moshi unamsumbua.

Na Baba hanywi. Siwezi kukueleza nimejuaje, lakini hanywi.

Mdogo wako,
Wilhelmina


Musoma
5 Machi 1995

Baba,

Shikamoo. Kaka ameniandikia. Ile injini inagonga, naye amekuambia mara tatu. Najua hukusikia hata mara moja, na najua uliitikia kwa kichwa kwa sababu hivyo ndivyo unavyofanya na wateja.

Ninaandika barua mbili usiku wa leo wa Jumapili, kabla ya kengele ya kulala, moja kwako na moja kwake. Katika yake nimemwelekeza kipimo cha waya za plagi na kumwambia asikusumbue. Sikumwambia sababu. Mkono wangu ulikuwa unataka kuiandika.

Baba, nifungulie ahadi. Au kama huwezi, mwambie mwenyewe. Hatakucheka. Ataweka masikio yake pale yalipokuwa yako, na wewe utaongoza mikono yake. Lakini akifanya kipimo, usishike kitambaa wewe.

Wilhelmina


Igogo
17 Machi 1995

Kwa Wilhelmina,

Alexander alikuja na barua yako, akamsomea Okech mbele yangu. Nilijua ni yako kwa mwandiko, na nilijua inasema nini kwa sababu wote wawili waliinua macho kunitazama. Mwanangu wa sekondari amenitumia maagizo, na mwenye gari amesimama hapo na funguo mkononi.

Wewe ungefanyaje? Nilichukua kitambaa. Nikamwambia Alexander aingie akanyage mafuta, Okech akae pembeni yake atazame geji. Nikachomoa waya mmoja baada ya mwingine, kiganja cha kushoto kikiwa juu ya bloku ya injini. Kila nilipochomoa, injini ilitikisika zaidi, zote nne sawa. Hapakuwa na iliyotofautiana na mwenzake. Nikawaambia: tapeti. Nimezikaza. Nimemwaga oili, nimeweka nzito. Walipoijaribu walirudi wananyoosha dole gumba. Imenyamaza.

Oili niliyomwaga ilikuwa na mng'ao kidogo. Injini ya miaka kumi na minane haikosi.

Ahadi sikufungulii. Ukimwambia Alexander, atamwambia Okech, na Okech akiambiwa asubuhi jioni inajua Kirumba nzima. Baada ya Pasaka nitamweleza mwenyewe, nikiwa nimeshamkabidhi gari lililokimbia. Nipe mwezi mmoja tu wa kuwa fundi.

Baba yako


Musoma
26 Machi 1995

Kaka Alexander,

Shikamoo. Baba ameniandikia kwamba alikifanya kipimo yeye, na wewe ulikuwa ndani. Nilikuomba usikilize wewe. Kiganja hakiwezi kutofautisha: ukichomoa waya wowote injini inakosa moto na kutikisika, iwe beringi ni nzima au mbovu. Ni sikio tu linalojua.

Oili nzito haiponyi beringi, inaizuia tu isisikike. Wauza magari hufanya hivyo siku ya kuuza. Na oili iliyomwagwa ilikuwa inameta. Kinachometa ni beringi yenyewe, inasagika.

Fungua sampu, lile sinia la oili chini ya injini. Fungua vifuniko vya konrodi uzitazame beringi kwa macho yako. Ni kazi ya siku moja. Kama huwezi kuifanya, usikimbie na gari hilo.

Usiniulize kwa nini nang'ang'ania. Nisikilize tu.

Wilhelmina


Buswelu
9 Aprili 1995

Mina wangu mwenye wasiwasi,

Unazeeka kabla ya Shangazi. Nimesoma barua yako, nikampelekea mzee nikamwonyesha pale kwenye sampu. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Nilianza kufungua injini kabla mama yenu hajamzaa huyu." Bosi alicheka mpaka akakohoa.

Mlio haupo, Mina. Nimeenda nayo Usagara mara nne tangu oili mpya, nimeiachia mafuta makusudi, hakuna ko-ko-ko. Mzee alikuwa sahihi na mimi nilimdhania vibaya. Hata hilo la kunywa nalifuta. Juzi alinishika bega akaniambia, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya ziwa, "Wewe endesha, mimi nimemaliza." Hajawahi kuniambia neno kama hilo maishani.

Jumatatu ya Pasaka saa tatu asubuhi, ukiwa kanisani au darasani, tamka jina langu.

Alexander, namba kumi na saba


Igogo
19 Aprili 1995

Mwanangu Wilhelmina,

Ni mimi, Shangazi yako. Nimemwomba mwalimu wako akupe barua hii ukiwa na mwenzako karibu.

Juzi gari la Okech lilipata ajali mbele kidogo ya Usagara, upande wa Misungwi. Walioona wanasema kulitoka mshindo chini ya gari, magurudumu ya nyuma yakakwama, likazunguka na kuangukia kwenye kalavati. Okech alifariki pale pale. Jana ndugu zake walimsafirisha kwenda kumzika kwao Rorya. Alexander amevunjika paja na mbavu mbili. Yuko hospitali hapa mjini, mguu umening'inizwa kwa vyuma, na daktari anasema atalala hivyo kwa wiki nyingi. Yu hai na anazungumza. Usitoroke shule kuja, nitakuwa nakuandikia.

Nina jambo jingine na sijui nikueleze vipi. Tulikuwa tumesimama njia panda ya Usagara, mimi na baba yako, kati ya watu wengi. Gari la Alexander lilipita, tukashangilia. Kisha ukatokea ule mshindo. Umati wote uligeuka na kukimbilia huko. Baba yako peke yake alibaki anatazama upande wa Mwanza, ameinua mkono, anangoja gari linalofuata.

Nilimvuta shati nikamkemea kwamba hata siku kama hii amelewa. Wilhelmina, nilikuwa karibu naye. Hakuwa ananuka kitu.

Shangazi yako,
Bernadeta


Wodini
14 Mei 1995

Wilhelmina,

Nakuandikia nikiwa nimelala chali.

Ndugu wa Okech walimleta fundi mwingine akaifungua injini. Konrodi ya silinda ya tatu imekatika na kutoboa bloku. Beringi yake imekwisha kabisa, na sampu imejaa chembe zinazometa. Yule fundi amewaambia mlio huo lazima ulikuwepo kwa miezi, hata mtoto angeusikia. Sasa wanasema niliusikia nikanyamaza kwa tamaa ya usukani. Wanakuja hapa wawili wawili, wanasimama mwisho wa kitanda, wananitazama, wanaondoka.

Mzee alikuja Jumatano. Nikamwambia, "Nilikuambia mara tatu." Alinitazama mdomo akasema, "Hukuniambia." Nikageuza uso ukutani, maana mwili siwezi kuugeuza. Nikamtukana nikiwa nimegeukia ukuta. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii baba yake. Nilimwambia kwamba amemuua Okech. Wagonjwa wote wodini waligeuka kututazama. Nilipomgeukia tena alikuwa bado amekaa pale pale na kofia yake mapajani, uso umetulia, anangoja nianze kusema.

Hakuwa amesikia hata neno moja.

Nimezirudia barua zako mbili kichwani mpaka nimezishika kwa moyo. "Usikilize wewe mwenyewe." "Usiniulize kwa nini."

Ulijua?

Alexander


Musoma
21 Mei 1995

Kaka Alexander,

Nilijua.

Nilijua tangu tarehe kumi na nne Desemba, nilipomwita mara nne akiwa amenipa mgongo. Ni zile sindano za kifua. Zilimponya na zikachukua masikio, na kule kuyumba ni kwa sababu hiyo hiyo. Likizo nzima nilisimama karibu naye nikimsikilizia injini za watu. Nikisikia tapeti nagusa mkono wake mara moja, nikisikia beringi namgusa mara mbili, naye anamwambia mteja. Hakuna aliyegundua, na mimi nilijivuna. Aliniapisha nisikuambie wewe hasa, kwa sababu machoni pako ndipo alipotaka kuonekana mkubwa mpaka mwisho.

Uliponiuliza juu ya mlio, nilidhani nimepata njia ya kuwatunza nyote wawili. Nikakupa kipimo nikakunyima sababu. Niliandika kurasa mbili za maelezo mazuri ambayo mwalimu angenipa alama zote, na maneno matatu yaliyotakiwa, Baba hasikii tena, sikuyaandika. Ungeyapata hayo usingempa kitambaa. Okech angekuwa nyumbani kwake. Nilipoiona barua ya Baba yenye habari ya mng'ao nilielewa kila kitu, na hapo tena nikakuandikia habari za sampu.

Baba aliogopa. Mimi sikuwa na sababu ya kuogopa. Nilikuwa mtoto mwema tu, na nilipenda kuwa hivyo.

Usinisamehe haraka kwa kuwa mimi ni mdogo. Mpe Baba barua hii aisome. Kisha wape ndugu wa Okech, wajue kwamba ulisema mara tatu kwa mtu aliyepaswa kuambiwa.

Wilhelmina


Igogo
30 Mei 1995

Kwa Wilhelmina,

Alexander alinipa barua yako bila kunitazama. Nimeisoma pale kitandani kwake, nikaisoma tena nje.

Nilikuwa nimejidanganya. Mlio wa kichwani haujawahi kupungua, unalia mchana na usiku kama chenene, na kila injini niliyowekea kiganja niliisikia kupitia mlio huo. Nilisema ni nzima kwa kuwa nilitaka iwe nzima. Ule mng'ao niliuona, na nilijua ni nini. Hilo halihusiani na masikio.

Karakana nimeifunga. Nimewaambia majirani sababu, Shangazi yako kwanza. Alilia, nikamwonea huruma.

Ukija likizo nataka unipeleke kwa mjane wa Okech. Amerudi kutoka Rorya. Nitasema mwenyewe, lakini atakayonijibu sitayasikia. Nataka uyaandike.

Baba yako


Igogo
11 Juni 1995

Kaka Alexander,

Shikamoo. Shangazi atakuletea barua hii pamoja na chakula. Nimefika tangu Ijumaa na sijaja kukuona. Niliona haya kuja kwako kabla ya kwenda kwa Mama Favour.

Tumetoka kwake sasa hivi. Anakaa Kirumba, nyumba ileile. Alitukaribisha sebuleni, akatupa maji, akakaa. Favour alikuwa anacheza mlangoni. Baba alisimama akasema yote, tangu sindano mpaka mng'ao wa oili. Alisema kwa sauti kubwa mno, kwa sababu hajui tena sauti yake ina ukubwa gani, na watu wa nyumba ya pili walitoka kutazama. Hakumlaumu mtu. Akakaa, akanipa daftari, akanitazama.

Nilijiambia kwamba Mama Favour akisema neno la kumvunja Baba, nitaandika nusu yake. Kisha nikakumbuka nusu zangu zilikotufikisha, nikaishika vizuri kalamu.

Alisema hivi, nami niliandika neno kwa neno:

"Mwambie kwamba mume wangu alijua. Tangu mwezi wa pili alijua kuwa Fundi Venant hasikii. Alimpigia honi karibu kabisa mgongoni, hakushtuka. Alirudi nyumbani akaniambia. Nikamwambia, basi lipeleke gari kwa mwingine. Akasema hapana, mikono ya Venant ni ile ile, na mwanawe yupo, Alexander ndiye anayemsikilizia. Alidhani mmepangana. Hakutaka kumwaibisha mzee wa watu."

Baba alisoma. Aliweka kidole chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mwisho aliuliza kama kuna zaidi. Mama Favour akatikisa kichwa. Baba akasema, "Alijua na akaniachia," na hapakuwa na la kuandika, kwa sababu hakuwa anauliza.

Kwa hiyo, kaka, Baba alijua, mimi nilijua, na Okech alijua, na kila mmoja wetu alikaa kimya kwa ajili ya heshima ya mtu mwingine. Wewe uliyeshika usukani ndiye peke yako hukuambiwa.

Mama Favour amesema shemeji zake hawatakuja tena wodini kukutazama. Barua yangu ya Mei ishirini na moja, ambayo Baba alimpa, amebaki nayo.

Kesho saa za wagonjwa kutazamwa nitamleta Baba. Ana mengi ya kukuambia, na najua una mengi ya kumwambia, hata yale uliyouambia ukuta. Yaandike yote kama yalivyo, anaweza kuyasoma. Nimenunua daftari jipya na kalamu mbili. Mimi nitakaa nje kwenye benchi mpaka mmalize.

Mdogo wako,
Wilhelmina